Kihindi cha Mjomba Shabani

Chumba cha kupimia masikio kina harufu yake, na hiyo sikuitegemea. Nilidhani kitanuka dawa kama vyumba vingine vya hospitali. Lakini kijana wa vipimo alipofunga ule mlango mnene, akanivika visikilizio vya masikioni na kwenda kukaa upande wa pili wa kioo, pua yangu ilipokea harufu ya plastiki iliyopata moto, ya nyaya, ya vumbi lililoungua kidogo juu ya mashine iliyowashwa tangu asubuhi. Kwa bahati nzuri harufu nazo husikiwa, na kwa upande huo mimi si kiziwi hata kidogo.

Niliambiwa nibonyeze kitufe kila nitakaposikia mlio. Nikasahau. Nilikuwa nimeshaondoka pale, niko utotoni, kule Majengo ya Dodoma, kwenye baraza la Mama Rajabu, nimekaa mkekani mbele ya deki ya video yenye harufu hiyohiyo. Kijana alinitazama kupitia kioo kwa wasiwasi, maana nilikuwa nacheka peke yangu. Nje ya mlango alikuwa amekaa Mjomba Shabani, mdogo wake mama, siku hizi mzee wa bakora na kofia, ameshika pochi yangu kwa mikono miwili kana kwamba kakabidhiwa mtoto mchanga. Laiti angejua kwamba nilikuwa namcheka yeye.

Nyinyi wa rika langu deki mnaikumbuka. Ni miaka ile ambayo maduka yaliyozoea kuuza kiberiti na chumvi tu yalianza kujaa ghafla: sabuni za kunukia, biskuti za bati, viatu vya plastiki vya kila rangi, na mitumba ikimwagwa chini sokoni, akina mama wakiinama juu yake wakicheka. Mama Rajabu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mfanyabiashara wa khanga, mtu wa kwenda Unguja na kurudi. Safari moja alirudi na televisheni na deki, vimefungwa kwa magodoro ili visivunjike njiani. Bara hapakuwa na kituo cha televisheni wakati huo. Televisheni ilikuwa ya kuwekea video tu, na video alizopata Mama Rajabu zilikuwa za Kihindi, zote, bila maandishi ya tafsiri hata moja.

Mwaka mmoja kabla ya deki kufika, niliugua homa ya uti wa mgongo. Nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni dari la bati, kitambaa chenye maji ya baridi, na uso wa Baba. Baba yangu alikuwa mtu wa Kondoa, mchuuzi wa asali na alizeti, mtu wa barabarani asiyekaa nyumbani hata wiki. Katika ugonjwa ule alikaa. Kila nilipofumbua macho alikuwepo kwenye kigoda, ananitazama tu, hasemi neno, ananitazama kama mtu anayeogopa hata kupepesa.

Nilipopata nafuu niliona kwamba watu wote wananong'ona. Nikaona ni adabu nzuri, nyumba ina mgonjwa, lazima watu wanong'one. Nikakaa nikisubiri nipone kabisa ili warudie sauti zao. Nilianza kutembea, wakaendelea kunong'ona. Nikaanza kula ugali, wakaendelea. Siku moja niliona jogoo wa Mama Rajabu amepanda ukutani, katanua shingo, kafungua mdomo, na yeye ananong'ona. Hapo ndipo nilipomfuata Mama jikoni nikamuuliza kwa nini hata jogoo anajali kuwa naumwa. Mama aliacha mwiko ndani ya chungu, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Msije mkadhani nilikuwa mtoto wa huzuni. Nilikuwa na mama aliyejifunza upesi. Alikoma kusema nami akiwa amenipa mgongo, na alikuwa akigonga sakafu kwa kisigino kuniita, nikapata mtikisiko wake miguuni. Maneno yangu nilikuwa nayo bado, na midomo ya watu niliisoma kila siku vizuri zaidi. Kilichonikera kilikuwa kitu kimoja. Watu wakicheka, nikauliza, "Kasemaje?", jibu lilikuwa lilelile: "Nitakwambia baadaye." Rajabu, mtoto wa jirani, aliyenizidi mwaka mmoja, alikuwa bingwa wa baadaye. Mpaka leo maneno hayo ndiyo ninayoyasoma midomoni kwa urahisi kuliko yote, hata mtu akiwa ng'ambo ya barabara. Na baadaye yenyewe haikuja hata siku moja.

Kwa hiyo nikajijengea imani. Niliamini kwamba wenye kusikia wanaelewa kila kitu. Sikio nililiona kuwa mlango: neno likishaingia, limeingia na maana yake yote, mtu hana kazi tena. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki nje, nikichungulia dirishani.

Ulipofika wakati wa kuandikishwa darasa la kwanza, Mama alinivika gauni la Idi, tukaenda shuleni sote watatu, pamoja na Baba. Mnakumbuka mtihani wenyewe: unapitisha mkono juu ya kichwa na kugusa sikio la upande wa pili. Ukiligusa, umekua. Mimi mikono yangu ilikuwa mirefu, nililigusa mpaka nikalikunja. Mwalimu Eliza, mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamama mnene wa Kigogo mwenye mwanya, akatabasamu. Kisha akapita nyuma yangu, akaniuliza jina. Niliambiwa hivyo na Mama baadaye. Mimi nilikuwa bado nimeshika sikio langu kwa fahari, nikisubiri kupongezwa. Aliuliza tena. Nilipogeuka niliona nyuso za watu wazima zimebadilika. Mwalimu Eliza hakuwa mkatili. Alisema darasa lake lina watoto wamekaa mpaka dirishani, na mtoto asiyesikia atapotea humo. Nilirudi nyumbani bila kuelewa kosa langu, maana sikio nililigusa.

Baba alisema basi nitakwenda Kondoa nikakae na Bibi. Angenipeleka mwenyewe kabla mvua hazijaharibu barabara. Nilimpenda Bibi, na asali yake niliipenda zaidi, lakini nilielewa kwamba ukienda kukaa na Bibi huvai sare ya bluu na nyeupe, na mkoba wa kitambaa ambao Mama alishaanza kunishonea utabaki bila daftari. Mama alimbishia. Niliwaona uani, Baba ameshika kichwa, na midomo yake niliisoma kutoka mlangoni: "Watamcheka. Kila siku watamcheka, na mimi sitakuwepo." Ndilo lililokuwa likimsumbua, si ada wala kingine. Alikuwa ananificha nisichekwe, na njia aliyoiona ni milima ya Kondoa.

Huku mimi nikisubiri kupelekwa, Jumapili zikaanza. Baada ya swala ya alasiri Mama Rajabu aliitoa televisheni barazani, akatundika shuka kuzuia jua na lile vumbi letu la Dodoma lisilojua mwenye nyumba wala mgeni. Mtaa mzima ulikuja, Waislamu na Wakristo, wenye mikeka na wenye vigoda, karanga za moto kwenye vikaratasi, na msimu wake ukifika, zabibu. Wanawake na watoto walikaa mbele, wanaume walisimama nyuma. Na pembeni ya televisheni alisimama Mjomba Shabani.

Mjomba alikuwa kijana wa kubeba majora kwenye duka moja la vitambaa kule Uhindini. Kwa ajili hiyo mtaa ulikubaliana kwamba Kihindi anakijua, na yeye hakuona sababu ya kuwakatalia. Alivaa shati la mikono mirefu, akashika fimbo ya kuonyeshea, na kila mwigizaji aliposema, Mjomba aliuinua mkono na kutafsiri. "Huyu anasema, leo nitakuoa upende usipende! Huyu anajibu, kwanza nilipe ng'ombe wangu!" Watu walikubali. Kama kulikuwa na ng'ombe kwenye sinema yenyewe, basi walikuwa nyuma ya nyumba.

Nilizipenda Jumapili zile kuliko sikukuu. Katika makusanyiko mengine yote ya watu wazima msemaji hugeuka huku na huku, anainama, anajifuta mdomo. Mjomba alipenda kutazamwa. Alisimama uso kwetu, na mdomo wake ulikuwa mkubwa na mikono yake haikutulia, nikamsoma neno kwa neno. Na kwa kuwa niliamini wenzangu wote wanasikia na kuelewa, sikuona ila sababu moja ya Mjomba kusimama pale: alikuwa anarudia maneno kwa ajili yangu. Mtaa mzima ulikuwa umekubali kumvumilia mjomba wangu ili mimi peke yangu nisiachwe. Nilijisikia mtoto wa mfalme.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Aliyokuwa akiyasema Mjomba hayakulingana na niliyokuwa nikiyaona. Alisema hawa ni kaka na dada, na mimi nikiwaona wanavyotazamana, si kaka na dada. Alisema huyu amefurahi, na shingo ya mtu mwenyewe imekaza kwa hasira. Nikaamua kwamba Mjomba anaficha mambo ya wakubwa kwa sababu mimi ni mtoto. Nikamshukuru moyoni kwa heshima yake, nikanyamaza, na nikawa natazama sinema mbili kwa pamoja: ya kwake na yangu.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari ya Kondoa, Mama Rajabu aliweka mkanda mpya. Baba alikuwepo siku hiyo, amesimama nyuma na wanaume wenzake. Mwalimu Eliza naye alikuja, amekaa kwenye kigoda karibu na mkeka wetu na sweta anayofuma mapajani. Nilimpa shikamoo nikajificha nyuma ya Mama.

Sinema ilikuwa ya msichana wa sari ya njano, aliyelelewa katika jumba la tajiri mwenye masharubu. Humo ndani alikuwemo mzee mchechemeaji mtunza funguo. Kila msichana alipopita, yule mzee alisimama penye kivuli akamfuatisha kwa macho. Mjomba alitoa hukumu mapema: "Huyu ni jambazi! Anasema, bangili zile za dhahabu zote zitakuwa zangu!" Mtaa ukamchukia mzee papo hapo. Mama Rajabu alimwapiza. Watoto walimrushia maganda ya karanga.

Mimi nilimtazama yule mzee. Macho yale niliyajua. Niliwahi kuyaona juu yangu, chini ya dari la bati, kila nilipofumbua yangu.

Ikafika mahali tajiri amewaita vijana wake, wakamkamata mzee wakaanza kumpiga. Baraza zima likashangilia. Niliwaona wakipiga makofi, Rajabu akirukaruka, hata Mama anatabasamu, na sikuweza kuamini. Kwangu mimi hawa ni watu wanaosikia kila kitu! Wanajua huyu ni nani, na bado wanafurahi apigwe? Adabu yote niliyofundishwa ilinitoka. Nilisimama katikati ya mkeka nikapiga kelele kwa sauti yangu, ambayo nasikia wakati huo ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Msishangilie! Huyo ni baba yake!"

Vicheko nilivyoviona siku ile sijaviona tena. Midomo ilifunguka kutoka mbele mpaka nyuma, mabega yakatikisika, karanga zikamwagika. Rajabu aliwageukia wenzake akagusa sikio lake, kisha akaninyooshea kidole. Mjomba alijitahidi asinicheke. Aliniinamia kwa upole akasema, "Mpwa wangu, mimi nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili. Kasema bangili."

"Muangalieni macho," nikasema.

Wakacheka zaidi. Nikaona watu wanapishana nyuma, na Baba anakuja. Uso wake ulikuwa ule wa uani, wa kushika kichwa. Hiki ndicho alichokuwa anakiogopa, na sasa kimetokea mbele ya mtaa mzima. Alinifikia akanishika mkono. "Twende nyumbani, mama."

"Baba, subiri iishe."

"Wanakucheka."

"Nawaona," nikamwambia. "Subiri iishe."

Alisimama pale hajui afanye nini. Waliokuwa nyuma walianza kumwambia akae, anawaziba. Baba yangu, mtu mzima mwenye kanzu safi, akachuchumaa mkekani kati ya wanawake na watoto, mkono wangu bado ameushika, tukatazama.

Mzee alitoroka, akarudi, moto ukawaka jumbani, akamtoa msichana ndani ya moshi, na mwenyewe akaanguka. Msichana akampakata kichwa. Hapo yule mzee akaingiza mkono kifuani, taratibu, akatoa njuga ndogo ya mguuni, ya mtoto mchanga. Msichana akaitazama. Akaufungua mkufu wake mwenyewe shingoni, na kwenye mkufu ilikuwa imening'inia njuga ya pili.

Ukimya siwezi kuusikia, lakini siku ile niliuona. Mikono iliyokuwa ikipeleka karanga mdomoni ilisimama njiani. Mama Rajabu alikamata upindo wa khanga akaupeleka machoni. Fimbo ya Mjomba ilishuka mpaka ikagusa chini. Kisha mmoja baada ya mwingine, watu wakageuza shingo, wakaacha kutazama televisheni wakanitazama mimi.

Yule mzee alikuwa bado anasema, midomo inamtetemeka, maneno ya mwisho. Mwalimu Eliza aliweka sweta chini. Aliinama kutoka kwenye kigoda chake, akanishika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuza uso wangu kuelekea wake ili niuone vizuri mdomo wake. Na yule mwalimu aliyenirudisha nyumbani akaniuliza:

"Kasemaje?"

Mimi! Neno langu mwenyewe, nililozunguka nalo mwaka mzima nikigonga milango ya watu, leo limekuja kwangu. Nilimtazama mzee, nikamtazama msichana. "Anamwambia asilie," nikasema. "Anamwambia, mimi nilikuwepo hapa siku zote."

Mpaka leo sijui yule mwigizaji alisema nini. Pengine alisema mambo mengine kabisa. Lakini hakuna aliyebisha, na wanawake watatu walianza kulia upya.

"Umejuaje kama ni baba yake?" akauliza Mwalimu Eliza.

"Anamtazama kama Baba alivyonitazama nilipoumwa."

Mkono uliokuwa umeshika wangu ulikaza mpaka ukaniumiza. Nilipomgeukia Baba alikuwa anajifuta macho na kumwambia Mama kwamba vumbi la leo limezidi. Shuka la Mama Rajabu lilikuwa limetulia kabisa.

Rajabu alinivuta gauni. "Na yule mwenye masharubu? Yule kasemaje?"

Sijawahi kupata raha kama ile, si siku ya harusi yangu, si siku niliyopata kazi. Nilimtazama Rajabu taratibu, nikapanga midomo yangu vizuri ili asikose hata herufi moja. "Nitakwambia baadaye."

Swali langu nilimuuliza Mama tukiwa tunakunja mkeka. "Kwani nyinyi hamkuwasikia?"

"Tumewasikia," Mama akasema. "Ila Kihindi hatukielewi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Hakuna anayekielewa hapa." Alitupa jicho pembeni. "Hata mjomba wako."

Nilikaa chini juu ya mkeka uliokunjwa nusu. Kumbe mtu anaweza kusikia kila kitu na asielewe. Kumbe Jumapili zote zile baraza zima lilikuwa nje pamoja na mimi, tunachungulia dirisha moja, na Mjomba alikuwa amesimama pale kwa ajili ya wote. Sijui kama mnanielewa nikisema dunia ilipanuka. Nilijiona nimekaa ndani yake, na nafasi ipo ya kutosha.

Na Mjomba Shabani, mnadhani aliaibika? Alikwishapata nguvu zake. Alinibeba juu juu mbele ya watu akatangaza, "Mmemwona mpwa wangu? Kihindi hicho kafundishwa na nani? Na mimi!" Wakacheka, na safari hii nilicheka nao, bila kuuliza.

Kesho yake jioni Mwalimu Eliza alisimama mlangoni kwetu. Alitusalimia "Mbukwenyi" kwa Kigogo chake, Mama akamwitikia akamkaribisha kiti. Hakukaa. Alimwambia Baba kwamba dawati la mbele kabisa lina nafasi kama watoto watasogea, na kwamba yeye ataacha tabia ya kufundisha huku ameelekea ubaoni.

"Watamcheka, Mwalimu," akasema Baba.

"Jana si alichekwa na mtaa mzima? Ulimwona akikimbia?"

Baba alinitazama kwa macho yaleyale, kisha akatazama mkoba wa kitambaa uliotundikwa msumarini. Wiki iliyofuata alikwenda Kondoa peke yake. Alirudi na asali kutoka kwa Bibi, na salamu kwamba nisome sana, na kwamba Bibi mwenyewe anataka kuja kuiona hiyo sinema.

Walinicheka shuleni, ndiyo. Baba hakukosea. Lakini nilikuwa nimeshachekwa na wakubwa, watoto hawakunitisha. Na Jumapili tulisimama wawili kando ya televisheni, Mjomba akitoa sauti, mimi nikitoa habari. Nikimwambia huyu ana wivu, yeye anautia wivu maneno, na ng'ombe wake kila inapowezekana.

Haya yote yalipita kichwani mwangu ndani ya chumba kile, kijana wa vipimo akinionyesha kidole kuelekea kitufe nilichokisahau. Ukweli ni kwamba hakukuwa na mengi ya kubonyeza. Kile kidogo kilichokuwa kimebaki katika sikio la kushoto, nilichokisaidia kwa mashine ya nyuma ya sikio kwa miaka, kimekwisha. Ndiyo maana tulikuja kumwona daktari wa upandikizaji: waya mwembamba unaingizwa ndani kabisa ya sikio, kinasa sauti kinakaa nje kwa sumaku. Mwaka mzima nilikuwa nimeahirisha, na nilikuja nikiwa nimejiandaa kuahirisha tena. Nina maisha yangu. Nafanya kazi maabara, kazi ya macho, na wenzangu wanajua kugonga meza wakinihitaji. Niliogopa kuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza katika umri huu, niwe tena yule anayejibu kisichoulizwa huku watu wakijiuma midomo wasicheke.

Daktari alikuwa dada mpole, aliniangalia usoni muda wote. Mjomba alikaa kando yangu, akitikisa kichwa kwa kila neno la daktari kama mtu anayelipima na kulikubali. Daktari hakunidanganya. Alisema upasuaji wenyewe hautanirudishia masikio ya utotoni. Siku mashine itakapowashwa, pengine nitasikia kelele tu, milio isiyo na maana, hata sauti ya mtu nisiitambue. Maana itakuja polepole, kwa mazoezi, na haiji kwa watu wote kwa kiwango kimoja. "Nenda ukafikirie," akasema. Nikashukuru, nikatoka, na moyoni nilishakataa.

Tulikaa kwenye benchi la nje. Mjomba alinirudishia pochi, akasogea, akanigusa goti.

"Kasemaje?"

Nilimkodolea macho. Alikuwa amekaa mle ndani muda wote! Ndipo nilipoelewa kutikisa kichwa kule, na kwa nini siku hizi anakaa karibu mno na redio, na kwa nini mkewe analalamika. Mjomba wangu hasikii tena, na kama kawaida yake, hakuona sababu ya kumwambia mtu. Maneno ya Rajabu yalinijia mpaka ncha ya ulimi: nitakwambia baadaye. Niliyameza. Nilimshika kidevu kwa vidole viwili, nikaugeuza uso wake kuelekea wangu, nikamwambia yote, tangu mwanzo, neno kwa neno, hata yale ya waya na sumaku.

Alisikiliza kwa macho. Akafikiri, amelaza mikono juu ya bakora.

"Kwa hiyo utasikia," akasema, "ila hutaelewa."

"Mwanzoni, Mjomba."

"Itabidi uwatazame watu machoni, ubahatishe, usubiri mpaka mbele huko ndiyo ujue nani ni nani."

"Ndiyo."

"Na watu watakucheka."

"Watanicheka."

Uso wake wote ulifunguka, ule mdomo mkubwa niliousoma kabla ya kusoma kitabu chochote. Akanipiga paja.

"Sasa si Kihindi tu hicho?" akasema. "Na Kihindi si tunakijua?"

Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha nikampa pochi anishikie tena, nikarudi kugonga mlango wa daktari.